Herufi Moja

Daktari alipindua karatasi ya maabara,
ile iliyoandikwa *mbegu: hakuna*,
akaandika nyuma yake kwa kalamu ya bluu:
X, X, Y.
"Hii ya katikati," akasema, "haikualikwa."
Nje mvua ya Mbeya ilipiga bati
kama mtu anayedai deni.

Miaka kumi na mmoja tumetafuta kilichopungua.
Kumbe kimezidi.
Ziada iliyonirefusha miguu hata wenzangu shuleni Tukuyu
wakaniita Mlingoti,
ikaninyima ndevu,
ikakaa kimya katika kila chembe ya mwili
tangu mama hajajua kama ana mimba.

Nami ni bwana shamba!
Nimesimama migombani Masoko na Kiwira,
nikapasua ndizi kwa kisu mbele ya wakulima:
tazameni, vidoa hivi vyeusi
ni mbegu zilizoshindwa kuwa mbegu;
humu ndani vinasaba vimepangwa mafungu matatu, si mawili,
na tatu huigawi kwa wawili
bila mmoja kubaki mlangoni.
Wakacheka. Nikacheka.
Tukala ndizi.

Mgomba. Mgumba.
Herufi moja.

Usinipoze kwa habari za machipukizi.
Najua mgomba hufa umeacha mtoto ubavuni.
Ubavuni kwangu yuko Tusekile,
aliyekunywa mizizi iliyotoka Chunya, michungu kama nyongo,
akalala vitanda vya hospitali tatu,
akaambiwa yu mzima,
akarudi nyumbani akaitwa tasa.
Hakuniuliza hata siku moja: na wewe je?
Nami sikujiuliza.
Hilo halimo kwenye vinasaba,
hilo nililikuza mwenyewe, nikalipalilia.

Nimeshuka stendi, ukungu umelala barabarani.
Karatasi imeloa mfukoni mwa shati,
wino umechuruzika, X moja imefutika.
Karatasini tu.

Tusekile alisoma uso wangu kabla sijavua viatu.
Alikaa. Akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja mara nne,
akasema, "Sasa nenda kwa mama yako."
Sauti yake haikupanda.

Nimesimama hapa mlangoni.
Ndani kisu kinamenya ndizi, nasikia maganda yakianguka.
Nimegonga.
"Nani?"
"Ni mimi, mama."
Nikarudia, polepole:
"Ni mimi."
Naye akaja kufungua,
akidhani nimebisha hodi tu.