Sehemu ya Kumi na Tisa

Saa tatu na robo usiku, Langoni, kwa Bi Tiya:
wanawake tisa, mkeka mmoja,
na runinga yenye mstari wa kijani
unaomkata Nadhira kiunoni tangu sehemu ya nne.
Lali yuko darini, kashika antena.
"Hapo?" "Siyo hapo!" "Hapo?"
"Hapo hapo, usipumue!"

Nadhira kasimama mlangoni kwake.
Hilali kaja mara ya tatu,
na pete, na ufunguo wa gari, na mamake,
na mamake kaja na udi wake mkononi
kana kwamba nyumba ya watu yanuka.
"Nijibu," asema Hilali. "Ndiyo ama siyo."
Nadhira akafungua kinywa.

Stima ikapotea.

"Kakubali," akasema Bi Tiya gizani.
"Kakataa," akasema Khuzeima, mkaza mwanawe,
na giza likapata pande mbili.

"Mke wa miaka thelathini na miwili akatae gari?
Hata kama hampendi, gari alipenda."
"Alimpenda yule mwalimu."
"Mwalimu si alimwacha!"
"Hakumwacha. Yeye ndiye alomwacha mwalimu,
wewe ulikuwa umeondoka kwenda kukanda unga."
"Atakuja kujuta. Nyumba bila mume ni chungu bila kifuniko."
"Na chungu chenye kifuniko ndicho kifurikacho."
"Mke akisema sitaki, ataka."
"Na akisema nataka, ataka nini?"
Hilo halikujibiwa. Mtu akakohoa.

Mimi nilikuwa nashona kofia,
sindano ikijua njia hata gizani, tundu kwa tundu.
"Kofia ya nani hiyo?" akauliza Amne,
swali lake la kila mwaka.
"Ya kichwa cha inchi ishirini na mbili," nikamwambia.
Wakacheka, wote ila mamangu.

Kesho yake mji mzima ulikuwa na jibu.
Muuguzi wa kliniki alilitoa huku akipima watoto uzani.
Kijana wa punda alilipigia kelele kichochoroni,
"Kakataaa! Pisheni!"
Na kwa kinyozi, Ami Skanda,
ambaye hatazami upuuzi huo,
alisema michezo hii yaharibu mabinti,
yule Nadhira toka mwanzo hakuwa na adabu,
hasa siku ile alipomrudishia Hilali simu
ikiwa bado katika sanduku lake;
kisha, povu shavuni,
akauliza taratibu: "Alimjibuje?"

Lakini hayo ni ya kesho.
Usiku ule tulirudi kwetu, mama mbele,
mimi nyuma na tochi ya simu,
kuta zimetubana, joto la mchana bado limo ndani ya mawe.
Akasimama penye ngazi ya kwa Famau.
"Yule mwana," akasema, "alivaa zatu?"

Viatu. Nilikuwa nimetazama pete.
Nilikuwa nimetazama kinywa.
"Sikuangalia, mama."

"Mimi niliangalia. Alivaa."

Akapanda ngazi mbili, akapumzika.
"Mimi nilitoka peku," akasema,
"wewe hujazaliwa. Nilifika hata hapa.
Mawe yakaniuma.
Nikarudi kutwaa zatu,
nikaketi myaka ishirini."

Hakusema kwa huzuni.
Alisema kama mtu atajaye bei ya samaki wa zamani.
Nilitaka kumuuliza kama babangu alikuwa macho,
kama aliuona mlango ukifunguka na kufungwa,
lakini alikuwa amekwisha kuanza kwenda,
na ndara zake zilikuwa zapiga ngazi, pa, pa,
kwa sauti ambayo nimeisikia maisha yangu yote
nikidhani ni ya ndara tu.

Ndipo stima ikarudi.
Kila dirisha la mtaa likaimba pamoja
tangazo la sabuni ya unga,
na nyuma yetu, mbali, juu ya dari ya Bi Tiya,
Lali, aliyesahauliwa na wote,
akapaza sauti:
"Hapo?"