Kadi Ndani ya Kiberiti

Vitabu elfu moja mia mbili na sita,
na nyumba yangu haina rafu hata moja.
Fundi Andama, alipokuja kupima ukuta,
aliuliza, "Mwalimu, sasa unasomea nini?"
Nikamfunulia kisanduku cha viatu, saizi arobaini na mbili:
visomeo vitatu vimelala chali
kama wagonjwa wa wodi moja.

Kimoja kina ufa kwenye kona,
kinameza neno la kwanza la kila ukurasa.
Cha pili hakina taa; kinafanya kazi mchana tu,
kama karani wa wilaya.
Cha tatu kizima kabisa, ila kichoyo:
hakipokei faili isiyotoka dukani kwao.

Umeme wa Arua ukirudi, saa nne usiku,
natafuta waya, nafungua kompyuta,
naanza kazi ambayo hakuna aliyenituma.
Majina kwanza. Faili moja inaitwa "kitabu",
nyingine "kitabu kipya",
nyingine "kitabu kipya hiki ndicho".
Mwandishi mmoja kaandikwa mara nne,
jina la baba mbele, jina la baba nyuma,
mara kwa herufi kubwa tupu, kama mtu anayegomba.
Nawaunganisha. Nafuta mapacha.
Riwaya moja ninayo mara saba
na bado sijaimaliza.

Dada yangu Letiru ni mkunga kule Moyo.
Kwake mtandao huja kama mgeni wa heshima:
hakai, hataki chai, huyo keshaondoka.
Basi maktaba yetu huvuka Naili kwa mkono.
Kadi, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho,
naitia ndani ya kiberiti, nakifunga kwa plasta,
na Ezati wa lori la saruji
anakitia mfukoni, mfuko wa shati, upande wa moyo,
mpaka feri ya Laropi,
mpaka ng'ambo.

Wiki mbili. Tatu. Kiberiti kinarudi.
Mashine inauliza: nibadilishe ya zamani kwa mpya?
Zamani ningejibu ndiyo, zote, twende.
Siku hizi nasoma moja moja,
maana Letiru hapangi kwa mwandishi wala kwa mada.
Folda zake zinaitwa
Vya zamu ndefu.
Vya kusubiri uchungu wa mtu mwingine.
Vya mvua.
Usifungue kama una njaa.

Nilimkasirikia. Nikazivunja,
nikapanga upya A mpaka Z, safi kama gwaride.
Usiku ule nikataka kitu cha kusoma,
nikapita A, nikapita B, nikafika K,
nikazima.
Gwaride lilikuwa zuri. Sikumjua askari hata mmoja.

Safari hii kuna folda mpya: Nilichoacha.
Ndani, kitabu kimoja, asilimia thelathini na nane,
na pembeni ya mstari wa kawaida tu,
mstari wa mtu kufunga mlango,
ameandika:
Hapa niliitwa. Mapacha. Wazima wote. Sikurudi tena.

Nimeinakili mara mbili.
Moja kwenye kompyuta, moja kwenye kile chenye ufa.
Sifuti.

Chaji imebaki asilimia tisa na Ezati anaondoka alfajiri.
Folda zake nimezirudisha, majina yale yale,
isipokuwa ya njaa, nimeongeza alama ya mshangao.
Plasta ipo.
Njiti nimezimwaga mezani,
na sijui kesho nitawashia nini jiko.