Ukurasa wa Tisa

Kijitabu kina kurasa nane.
Namna ya kupanda ngazi: mguu mzima kwanza.
Namna ya kuvaa soksi kwa kile kijiti chenye ndoana,
lini kuendesha gari, lini kurudi sauna,
kiti cha choo kiinuliwe kiasi gani.
Cha kitandani, kimya. Kana kwamba watu wa Kuopio
huenda kitandani kulala tu.

Mwaka wangu wa kwanza wodini nilimeza mate na maneno.
"Una swali lolote?" nilisema, mkono uko kwenye kitasa,
na mwenye mkono kwenye kitasa haulizwi kitu.

Leo nimevuta kiti, nikaketi.
Taimi Räsänen, miaka sabini na mmoja,
nyonga ya kushoto ya chuma na kauri, siku ya tatu.
Nje trekta linakwangua theluji.
Nikasema: wengi huona haya kuuliza,
basi nauliza mimi. Mambo ya unyumba.

Akatazama dirisha. Akatazama magongo yake.
Akacheka, kicheko chenye kikohozi ndani.
"Mwanangu, miaka miwili maumivu yalilala katikati yetu
kama mbwa mzee. Veikko akahamia kwenye kochi
asije akanigusa usingizini nikapiga yowe.
Nilidhani na hilo limekatwa, pamoja na mfupa."

Halijakatwa.
Nikachukua mito miwili, nikamwonyesha juu ya blanketi
kama afundishaye kukanda unga:
chali, mto chini ya paja; au ubavu wa kulia,
mto kati ya magoti. Usikunje nyonga kupita pembemraba,
usipishanishe miguu, goti lisiangalie ndani.
Wiki sita hivi, kidonda kifunge, daktari akague,
kisha polepole,
na aliye mzima ndiye afanye kazi.

"Hapo!" akasema. "Miaka arobaini na sita
nangoja mtu amwandikie hivyo, kwa muhuri wa hospitali."

Nikaandika. Nyuma ya kijitabu, kwa kalamu ya wino,
mistari saba. Muhuri nikagonga.

Jioni akaja nyonga mkalia ini wake,
kofia mkononi, theluji ikimyeyukia mabegani.
Pazia likavutwa. Karatasi ikafunuliwa.
Kimya kirefu, cha mtu asomaye bila miwani,
kisha sauti ya Veikko, taratibu,
kama anayeulizia bei sokoni:

"Mto upi?"