Saa Tano na Robo

Kila siku ya kumi na sita, saa tano na robo,
setilaiti hupita juu ya nyika ya Dauria.
Kwenye skrini ya Sesegma matete huwa mekundu,
maji meusi, chumvi nyeupe pe.
Mwaka juzi ziwa lilikuwa miraba mia tisa.
Leo anahesabu, anarudia:
arobaini na miwili.

Anampigia mjomba Rinchin.
"Najua. Farasi alinusa, akageuza shingo.
Korongo walizunguka mara mbili, hawakutua.
Lakini mimi, je, naonekana?
Siku hizo huwa natoka nje, napunga kofia."

Mraba mmoja ni mita thelathini kila upande.
Sesegma anatazama doa lililo karibu na zizi,
la kijivu kama mengine yote.

"Kofia naiona," anasema.