Koti la Arvids Ukutani

Gints kaniletea mahameli nyeusi kutoka Riga,
mita moja na nusu, bado inanuka duka.
Akasema: Mama, beji za baba zitang'aa juu ya hii.
Akaleta na fremu ya mwaloni
yenye kina cha vidole viwili, maana pini ina mkia
na mkia unataka mahali pa kukaa.
Kioo alikifunga blanketi, akakibeba kama mtoto mgonjwa.

Mahameli ni kitambaa chenye kinyongo, Arvids.
Ukichoma mahali, ukaghairi, ukachomoa,
kitundu kinabaki kukutazama.
Nilianza na ile ya klabu ya Sigulda.
Nikaiweka katikati, haikupendeza.
Nikaisogeza kushoto, ikaonekana imefukuzwa.
Kufika saa nne usiku nilikuwa na matundu kumi na matatu
na beji moja.

Wewe hukuzipanga. Ulizivaa.
Miaka thelathini umeshika saa mwisho wa mtelemko wa barafu,
sleji zikipita kama risasi,
wewe na kidole gumba na ule mlio mdogo, tik.
Wajerumani walikupa tai wa bati.
Mwaustria mmoja, kalewa, alikupa ua la milimani.
Timu ya Wajapani, walioshika mkia, walikuinamia
wakakupa korongo mdogo kuliko ukucha.
Hukujua lugha ya yeyote kati yao.
Ulijua sekunde, na vipande vya sekunde.

Koti likazidi uzito. Ukipanda basi
ulikuwa ukilia kama droo ya vijiko,
nami nikiona haya, nikitazama nje.
Sasa nakiri: siku ya arusi ya dada yangu
nilificha tano kwenye kopo la vifungo
ili ufanane na watu.
Ulizikosa kabla ya supu.

Leo asubuhi nimelitoa kabatini. Sufu ya kijivu,
kola imelika, kiwiko nilichotia kiraka kwa uzi usiofanana.
Nikaliinua dirishani, theluji ikimulika kutoka nje,
na upande wa kushoto wa kifua ukatoboka mwanga:
kila beji waliyoichomoa hospitalini wakaitia kwenye bahasha
ilikuwa imeacha mlango wake wazi.

Nikachukua mkasi wa kukatia ngozi. Samahani.
Nikakata kutoka begani hadi mfukoni,
nikauvalisha ubao, nikavuta kingo, nikapigilia kwa nyuma.
Mahameli kairithi paka.
Korongo akaingia bila kusukumwa.
Tai naye. Ua. Beji ya wachangia damu.
Lile gari la moshi lililobanduka rangi, hata wewe hukukumbuka
ulilipata wapi.
Sikupanga kitu. Nilifuata.

Adhuhuri zilikuwa arobaini na moja.
Matundu, arobaini na mawili.

Nilikung'uta bahasha. Nikamwaga kopo la vifungo.
Nikapiga magoti na tochi chini ya kochi,
magoti haya unayoyajua.
Gints akasema kwenye simu: acha, nani atajua?
Lipo chini, karibu na moyo. Hapana, si moyo,
chini zaidi, pale ulipoweka leso.
Ulimpa nani? Mtoto gani aliyekuwa akitetemeka kando ya barafu?
Mwanamke gani? Nimeuliza kwa sauti, kisha nikacheka,
na umri wote huu.
Au ni nondo tu. Nondo nao hula sufu,
wala hawapewi medali.

Kioo nimekifuta kwa siki na gazeti.
Fremu nimeitundika mbali na dirisha, jua lisile rangi,
kwenye korido, kwenye msumari ule ule wa koti.

Jana alikuja fundi wa gesi. Alivua buti,
akasimama akiisoma fremu yote, midomo ikicheza,
kisha kidole chake kikaenda pale pale:
Mama, hapa imeanguka moja.

Nikamwambia: haikuanguka. Hiyo bado kaivaa.