Dakika za Mlima

Mwezi wa nane nyanya zilikosa mnunuzi.
Eliaichi alipanda na matenga manne kutoka Kahe,
akayashusha barazani kwangu, Kibosho,
kama mtu anayeshusha maiti ya jirani:
kwa adabu, bila kutazama usoni.
"Mbuyuni wananipa elfu tatu kwa tenga," alisema.
"Tenga lenyewe, tupu, nilinunua elfu nne."

Sikumjibu. Niliwasha kuni.

Chupa nilikuwa nazo: za asali, za siagi ya karanga,
sita za jemu kutoka kwa mpishi wa hoteli mjini,
tulibadilishana kwa maparachichi.
Vifuniko tu ndivyo vilivyokuwa vipya.
Kifuniko ni kama kiapo,
kikishapinda hakirudi.

Nyanya ichovye kwenye moto, kisha kwenye baridi,
ngozi itavuka yenyewe.
Kata. Toa kikonyo. Kamua ndimu,
wala usiibanie ndimu:
mdudu wa humu ndani hana harufu,
hana rangi, hapigi hodi.
Chini ya sufuria tandika kanga kuukuu
(yangu imebaki neno moja tu, SUBIRA, na nusu ya korosho)
ili chupa zisigombane na chuma.

Maji ya huku juu yana majivuno,
yanatokota mapema, yangali hayana ukali wote.
Kwa hiyo ongeza dakika kumi.
Ni kodi ya mlima.

Eliaichi alilinda moto, akisema habari za kuuza shamba:
mtu wa matofali amekuja mara mbili,
amepima kwa hatua, ametaja bei.
Alisema dakika arobaini nzima. Nilimwacha.
Zile kumi za mlima
alinyamaza.

Usiku tulipanga chupa ishirini na tatu mezani
tukazima taa.

Tik.

Kisha kimya. Kisha tik,
vifuniko vikinyonywa chini kimoja kimoja,
na kutoka chumba cha pili Eliaichi akihesabu kwa sauti
kama alivyohesabu mbuzi tukiwa wadogo.
Ishirini na mbili.
Ya mwisho tuliisubiri mpaka jogoo.
Haikulia. Tuliila asubuhi na ndizi, hakuna aibu.

Masika yalipofika, sokoni nyanya nne ni elfu mbili,
nazo zimelia njia nzima.
Chini ya kitanda changu Agosti ilikuwa imekaa safu tatu,
nyekundu, haina habari na mvua.

Moja ilivimba kifuniko.
Niliifukia nyuma ya zizi, shimo la kufika kiunoni,
mjukuu wangu Ndeonasia akilia:
"Bibi, mbona ni nzuri!"
Nzuri, ndiyo.
Ndiyo maana shimo ni refu.

Eliaichi alifika na tope mpaka magotini.
Hakuleta kitu, hata salamu aliileta nusu.
Nilipenyeza ncha ya kisu chini ya kifuniko
na chupa ikavuta pumzi
kama mtu aliyekuwa amezama tangu mwaka jana.
Nyumba nzima ikanuka Kahe.

Yeye hakutazama nyanya.
Alisoma karatasi, mwandiko wangu uliofifia kwa mvuke:
tarehe kumi na nne, mwezi wa nane.
"Ni siku ile," alisema.
"Ni siku ile."

Alikula, mchuzi ukimfikia kidevuni.
Kisha akaiosha chupa mwenyewe, polepole, mpaka shingoni,
akaiinamisha juu ya kitambaa,
na kama mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine
akauliza vifuniko vipya siku hizi
ni shilingi ngapi.