Koti Linarudi Kwao

Kura ilipigwa godauni, juu ya kreti tupu,
jina langu likatoka: Subilaga Mwaisumo,
miche mia na arobaini ya parachichi, Isongole.
Maonesho ya matunda, Ujerumani, mwezi wa pili.
Siku tano za kazi. Nne zinazobaki, wakasema,
ni zako mwenyewe, chagua pa kwenda.

Tangu hapo sina jioni yangu.

Mchungaji Mwaijande amekuja na mwavuli na ramani:
"Fika Herrnhut, mama, walikotoka wale wa misheni.
Uwaambie kengele bado inalia."
Nimeitika. Ufa wake sikuutaja.

Lusajo, kitinda mimba wangu, hataki habari za kengele:
"Munich, mama! Uwanjani!
Piga picha hata getini tu."
Mwalimu Tumpe amenichorea ubaoni mnara wa Paris
na treni inayopita chini ya bahari,
kisha akafuta upesi, darasa la nne lisije likacheka.
Jirani yangu Ngabagila haamini treni yoyote.
Ameniomba nimtazamie kitu kimoja:
kama kweli wazee wao hukaa peke yao,
na nani huwawashia moto.

Na baridi! Kila mtu ananifundisha baridi,
mimi niliyezaliwa miguuni pa mlima Rungwe,
ambako Julai maji ya mtungi yanang'ata meno
na mvua ina funguo za kila nyumba.

Ila koti sikuwa nalo.
Nikashuka Tukuyu, nikachambua robota
mpaka mikono ikanuka dawa,
nikapata la sufu, rangi ya udongo uliolowa.
Elfu kumi na mbili; nikalipa tisa,
maana kifungo cha pili kutoka juu hakikuwepo.
Nimeshona kingine, cha shati la marehemu Ambakisye.
Hakifanani. Kinashika.

Na mfukoni, chini kabisa, tiketi,
imefuliwa hata ikawa laini kama ganda la kitunguu.
Zimebaki herufi za katikati tu, n-s-b,
na saa: nne na dakika saba kwa hesabu yetu.
Tulikesha na ramani ya mchungaji, Lusajo ameshika tochi ya simu.
Flensburg, juu kabisa, karibu na maji.
Regensburg. Ravensburg.
Mitatu, tukalala.

Nilichoamua sijamwambia mtu.

Maparachichi yangu huondoka magumu kama mawe ya mto Kiwira.
Kijana wa kampuni huweka kando yenye makovu;
hayo ndiyo tunayokula sisi, na ni matamu.
Yale mazuri sijawahi kuona hata moja likiiva.
Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya duka,
duka la kawaida, penye sabuni na mikate.
Nitasimama karibu na kapu kama mtu anayesubiri mwenzake,
nimwone mmoja akilichukua, akilibonyeza kwa kidole gumba,
hapo hapo kwenye kikonyo, kama ninavyobonyeza mimi.
Akilirudisha, nitaumia.
Akilinunua, nitamfuata hatua chache,
si nyingi, nisije nikalala polisi.

Herrnhut nitafika, niliahidi.
Picha ya geti nitapiga, kama liko njiani.

Lakini siku ya mwisho nitapanda treni ya saa nne na dakika saba,
kama bado ipo, kwenda mmoja wa ile mitatu.
Nitatembea taratibu barabarani, vifungo vyote nimefunga.
Labda mwanamke fulani atasita,
atalitazama koti kama unavyomtazama mtu
uliyesahau jina lake.
Nitamwamkia kwetu: ugonile, umelalaje?
Hatajua la kujibu.
Lakini akiangalia vizuri ataona kifungo cha pili,
cheupe, cha shati la mwanaume
ambaye hakuwahi kuvuka hata Uyole.